Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama, kina mama, kina baba, na ninyi wenyewe mnaoishi na ugonjwa huu wa akili uitwao skizoafektivu,

Tulipoachana kwenye mkutano wa mwaka jana, mama mmoja alinishika mkono pale nje akaniuliza: "Mwenyekiti, hivi mwanangu anaumwa nini hasa?" Alikuwa na kadi mbili za kliniki, za miaka tofauti. Ya kwanza imeandikwa skizofrenia, ya pili baipola. Mwezi ule daktari wa tatu alikuwa ametaja skizoafektivu. Mama aliamini wanabahatisha tu. Nilishindwa kumjibu, ingawa mdogo wangu mwenyewe amepita njia hiyohiyo. Nikalibeba swali lile, likawa kazi yetu ya mwaka mzima.

Jibu tulilipata kwa wataalamu waliokubali kuja kwenye vikao vyetu. Skizoafektivu ina pande mbili ndani ya mtu mmoja. Upande mmoja, unaofanana na skizofrenia, ni kusikia sauti, kuamini kwamba jirani anamtilia sumu, maneno kutoka bila kufuatana. Upande wa pili ni wa hisia: sonona inayomlaza mtu wiki nzima hataki hata kuoga, au kuchangamka kupita kiasi, halali, anagawa vyombo vya ndani, anaongea huwezi kumdaka. Mwenye baipola, yaani ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, naye anaweza kusikia sauti, ila zake huja pale hisia zimepanda sana au zimeshuka sana. Mwenye skizoafektivu hubaki nazo hata hisia zikitulia. Mwongozo wa madaktari wa Marekani wa mwaka 2013 unataka zionekane angalau wiki 2 za namna hiyo, sauti au imani zisizo za kweli zipo huku hisia ziko sawa, na wakati huohuo vipindi vya hisia kupanda au kushuka viwe vimechukua sehemu kubwa ya muda wote wa ugonjwa. Kwa hiyo mtu hawezi kutambuliwa kwa kuonwa siku moja. Wale madaktari watatu kila mmoja aliona kipande chake.

Sasa wiki mbili hizo nani anaziona? Daktari humwona mgonjwa wetu dakika chache, siku ya kuchukua dawa. Anayeziona ni dada anayelala chumba cha pili. Ndiyo maana mwezi Machi kamati iliamua kununua madaftari.

Ni daftari la kawaida la shule, lile la hesabu lenye miraba. Kila siku mstari mmoja: amelala masaa mangapi, sauti zipo au hazipo, hisia juu, chini au sawa, dawa amemeza au hakumeza. Yule mama alinionyesha lake mwezi Agosti. Lilikuwa na doa la mafuta kwenye jalada, kwa sababu huandika akiwa anakaanga maandazi ya biashara. Mstari mmoja wa Juni ulisomeka hivi: "Amelala masaa 7. Amekula. Amecheka na wadogo zake. Bado anamjibu yule wa dirishani." Mistari kama huo ilijaa ukurasa mzima, siku baada ya siku, kijana katulia na yule wa dirishani hajaondoka. Alipompelekea daktari, daktari alivuta kiti akasoma ukurasa wote, na dawa zikapangwa upya.

Wagonjwa wetu wengi walianza kuumwa wakiwa vijana, wengine wakiwa bado shuleni au ndio kwanza wamepata kibarua. Dada zetu ni wengi kuliko kaka zetu, na kwao sonona ndiyo inayotawala. Hata madaktari kwingineko wanaona hivyo. Makadirio yanayotajwa sana ni watu 3 katika kila 1,000, kwa hiyo hatuko peke yetu mtaani. Jambo gumu kuliko yote kwa familia ni kwamba mgonjwa mara nyingi hajioni mgonjwa. Huo si ukaidi. Naomba tuache kuwapiga na kuwafunga kamba kwa ajili ya hilo. Nimesema hivi kila mwaka na nitaendelea.

Kuhusu waganga na maombi, hatukugombana na mtu. Tuliomba kitu kimoja tu: dozi isikatishwe.

Wanaotumia lithiamu, ile dawa ya kutuliza hisia, tafadhali sana. Dawa hii inataka kupima damu mara kwa mara, pamoja na figo na tezi ya shingo. Kwa joto la Dar es Salaam, mtu akitoka jasho jingi na asinywe maji, dawa huzidi mwilini. Mwanachama wetu mmoja alilazwa baada ya kununua diklofenaki dukani kwa ajili ya mgongo, na muuzaji hakumuuliza anatumia nini. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni hupandisha lithiamu mwilini. Ukiona mikono inatetemeka kuliko kawaida, anaharisha, anatapika au anayumba kama mlevi, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Wanaotaka kufunga Ramadhani wamwone daktari kabla ya mwezi kuandama.

Kuna jambo tunaliogopa kulisema. Hatari ya kujiua kwa wagonjwa hawa ni kubwa, hasa kipindi cha sonona. Kanuni yetu ya Adhabu hapa Tanzania bado inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na familia huficha, zinasema "amekosea dawa". Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu chao cha namna hiyo kinakiuka katiba. Kamati inaomba ridhaa yenu tuwaandikie wabunge wetu.

Hesabu atazisoma mhazini. Kina baba bado hawafiki vikaoni, na hilo linaniumiza.

Mdogo wangu sasa anaandika daftari lake mwenyewe. Jumapili iliyopita ameandika: "Zipo, lakini zinaongea chini." Madaftari mapya yako kwa katibu, kila familia ichukue mawili.

Naomba kuwasilisha.