Kigoda cha Kikao: Barua kwa Mwanangu Aliyeko Leuven

Baba,

Salamu kutoka nyumbani Muheza. Sisi wazima. Bibi yako bado anasumbuliwa na magoti, lakini jana alikwenda sokoni kwa miguu yake na akarudi na machungwa.

Ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Umesema chuoni mmepangiwa mdahalo na wewe umeangukia upande wa kumtetea Tony Blair, waziri mkuu wa zamani wa Uingereza: kwamba mwaka 2009 alistahili kuwa rais wa Baraza la Ulaya, lile la wakuu wa nchi, na akanyimwa kwa sababu tu watu walikuwa wamemchoka. Ukaniuliza, "Mama, chuki ya watu ni hoja?" Nimeona nisikujibu kwa simu, maana simu hukatika mtu akiwa bado hajafika kwenye neno lenyewe.

Kwanza ujue ninapoanzia. Machi 2003 nilikuwa na mimba yako ya miezi saba. Kila jioni marehemu baba yako aliweka redio dirishani tukasikiliza Idhaa ya Kiswahili ya BBC. Mwezi uliotangulia, tarehe 15 Februari, London ilikuwa imejaa watu wanaopinga vita vya Iraq, maandamano makubwa kuliko yote yaliyowahi kuonekana katika nchi ile. Tarehe 17 Machi Robin Cook, mmoja wa mawaziri wake Blair, akajiuzulu kwa kuvipinga vita vile. Kesho yake Bunge likapiga kura, na wabunge 139 wa chama chake Blair wakamwasi. Hata hivyo akashinda, na tarehe 20 mabomu yakaanza kuanguka Baghdad. Baba yako alizima redio, akaniwekea mkono tumboni, akasema, "Na huko wamo wenye mimba kama wewe." Hakusema kingine usiku ule.

Kwa hiyo mimi si shahidi asiye na upande. Lakini nataka nimtendee haki mtu huyu, maana ukimtetea kwa uvivu utashindwa, na nikimpinga kwa hasira nitakuwa nimekufundisha vibaya.

Haki yake ni hii. Alishinda uchaguzi mara tatu, na ule wa tatu, wa 2005, ulikuja baada ya vita. Mwaka huohuo aliwakutanisha wakubwa wa mataifa manane kule Gleneagles, wakakubaliana kufuta madeni ya nchi maskini, na yetu ikiwamo. Mzee Mkapa alikuwa mjumbe wa ile Tume ya Afrika aliyoiunda. Na yapo ya Ireland ya Kaskazini. Mkataba wa amani wa Aprili 1998 ni kazi kubwa, usiupite haraka. Mei 2007, wiki chache kabla hajaondoka madarakani, Ian Paisley na Martin McGuinness, viongozi wa pande mbili zilizokuwa zikigombana kule, waliapishwa siku moja kuongoza serikali moja, watu ambao kwa miaka mingi hawakuwa wakipeana hata mkono. Hiyo ndiyo hoja yako nzito kuliko zote. Anza nayo.

Wapo waliosema pia kwamba Ulaya ilihitaji mtu ambaye akitua Beijing au Washington, magari yasimame barabarani. David Miliband, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza wakati huo, alisema karibu hivyo.

Nami nina la hapa kwetu, nilitoe kifuani nikae sawa. Serikali yake ndiyo iliyotoa kibali mwaka 2001 tuuziwe ile rada ya pauni milioni 28, huku waziri wake mwenyewe, Clare Short, akipinga. Miaka baadaye kampuni iliyouza ilikiri mahakamani kosa la kutotunza hesabu sawasawa, ikalipa fedha tulizoziita chenji ya rada. Vitabu vilivyonunuliwa kwa chenji ile niliwagawia wanafunzi wangu wa darasa la nne kwa mikono hii. Nilivifurahia na viliniuma. Ila jambo hili nimelitenga, kwa kuwa Watanzania hatukuwa wajumbe wa kikao kile, na kisa cha rada hakiwezi kuamua nani awe mwenyekiti wa wenzake Ulaya.

Sasa ukitaka kuielewa kazi yenyewe, kumbuka kile kikao cha ukoo nilichowahi kukusimulia, cha shamba la minazi. Ukoo ulikuwa umegawanyika pande mbili. Mmoja wa wazee wetu alikuwa msemaji hodari. Akisimama, hata watoto hunyamaza. Lakini ndiye aliyewachukua wenzake wachache usiku, wakaandikiana karatasi na mnunuzi kabla ukoo haujakaa. Ulipofika wakati wa kusuluhisha, wengine walimtaka akae kwenye kigoda kwa ule uhodari wake. Shangazi yangu mkubwa ndiye aliyekataa. Alisema, "Mkekani akae, ni ndugu yetu. Kigodani hapana, kwa sababu tunachokizungumza ni alichokifanya yeye." Wakamweka mjomba mmoja mpole, mtu ambaye hakuna aliyekuwa na habari naye, na kwa siku mbili shauri likaisha.

Januari 2003 Blair alikuwa mmoja wa viongozi wanane waliotia saini ile barua ya kuiunga mkono Marekani, wakati Ufaransa na Ujerumani zinapinga vita. Ulaya ikapasuka. Na cheo kile cha 2009, ukisoma Mkataba wa Lisbon uliokiunda, ni cha kuongoza vikao na kutafuta maafikiano kati ya wakuu wa nchi, miaka miwili na nusu kwa kipindi. Kazi yake ni kuunganisha palepale alipopasua. Ireland ya Kaskazini aliweza kwa kuwa ugomvi ule hakuuanzisha yeye. Huku alikuwa upande mmoja wa ugomvi, tena nchi yake haikuwa ndani ya sarafu ya euro. Mwanzoni Sarkozy, rais wa Ufaransa wakati huo, alimpigia debe, baadaye naye akapoa. Tarehe 19 Novemba 2009, kwenye chakula cha usiku Brussels, viongozi wa nchi 27 wakamchagua Herman Van Rompuy, waziri mkuu wa hapo Ubelgiji ulipo, mpole anayetunga vishairi vifupi vya Kijapani. Nilimwona mjomba yuleyule.

Nawe utaniambia: mbona Barroso, aliyekuwa waziri mkuu wa Ureno? Naye alitia saini barua ile, naye ndiye aliyewapokea Blair, Bush na Aznar wa Hispania kule visiwa vya Azores tarehe 16 Machi 2003, siku chache kabla ya vita, na mwaka uliofuata akapewa urais wa Tume ya Ulaya, ile inayoendesha shughuli za Umoja wa Ulaya. Ni kweli, na sikulipenda. Lakini Barroso alipigiwa kura na Bunge la Ulaya, lenye wabunge waliochaguliwa na wananchi. Rais wa Baraza huchaguliwa na wakuu wa nchi peke yao. Hapo ndipo jibu langu kwa swali lako lilipo, baba. Pale ambapo wananchi wana kura, chuki yao huingia kwenye sanduku ikahesabiwa. Pale ambapo hawana kura, kelele zao ndiyo kura pekee waliyobaki nayo, na asiyezisikiliza amewafungia mlango wa mwisho.

Tena tazama tarehe. Siku tano tu baada ya chakula kile cha Brussels, tarehe 24 Novemba, tume ya Sir John Chilcot ilianza kusikiliza mashahidi hadharani kuhusu vita vya Iraq. Blair mwenyewe aliitwa Januari 2010. Ingekuwaje rais wa Ulaya aanze kazi huku anaitwa kujieleza? Ripoti ilipotoka Julai 2016 ilisema njia za amani zilikuwa hazijamalizwa. Ikataja wanajeshi wa Uingereza 179 waliokufa, na Wairaki wasiopungua 150,000 kufikia Julai 2009, wengi wao raia.

Kwa hiyo sikatai ukamtetee, maana umepangiwa, na mwanafunzi hupimwa kwa upande asioupenda. Ila nakuomba kitu kimoja. Usisimame pale ukasema Iraq ilikuwa "kosa la sera". Zitaje hizo hesabu mbili kwa sauti yako kabla hujamtetea, halafu ndipo uendelee na Ireland ya Kaskazini.

Na vaa lile sweta, umesema baridi imeanza. Mdahalo ukiisha nipigie hata kama huku ni usiku wa manane; nitakuwa macho.

Mama yako