Tumepanda ndege kuona magofu

Mhariri,

Mwezi uliopita mwanangu alinipeleka kuona magofu ya ngome ya Corfe, kusini mwa Uingereza. Bunge liliamuru ibomolewe mwaka 1646, ikalipuliwa kwa baruti. Lango moja limepasuka katikati. Nusu yake imeteremka mlimani na bado imesimama! Nilipita hapo nikisoma dua. Wanakijiji walijijengea nyumba kwa mawe yake.

Nikaona haya. Gede, magofu ya mji wa kale wa Waswahili hapa kwetu, tunaipita kwa matatu kila tukienda Mombasa, na mimi, mwenye wajukuu sita, niliingia mara moja tu, nikiwa darasa la tano. Nakumbuka kaburi lenye tarehe ya Hijria, 802, yaani 1399, na popo.

Walimu wa Malindi, mnawapeleka watoto lini?

Bibi wa Shela, Malindi