Barua ya wazi kwa shemeji anayetaka kumvua samaki aitwaye maski

Mpendwa shemeji,

Salamu zako zimenifikia, pamoja na ile picha ya maski (muskellunge), samaki mrefu mwenye meno, uliyonitumia ukiuliza ni ufito gani wa kuvulia ununue ili nawe umpate mmoja kabla ya kiangazi cha hapa Minnesota kwisha. Nimeona nikujibu hadharani, kwa sababu ndugu zetu kadhaa waliohamia jimbo hili wameniuliza swali hilohilo na jibu langu halibadiliki: anza na samaki mwingine, paiki (northern pike), mwache maski kwanza, na fedha yako ya mwanzo itangulie kwenye vifaa vya kumtoa samaki ndoana na kumrudisha majini akiwa hai, ndipo ufikirie ufito.

Najua neno hilo la kurudisha litakushangaza, kwa kuwa wewe umekulia Ukerewe ukitega sangara, na huko samaki akishaingia mtumbwini habari yake imekwisha. Maski hataki mwendo huo. Ni samaki adimu hata katika ziwa linalosifiwa, ambako mara nyingi hupati maski mkubwa mmoja kwa kila ekari ya maji, na katika maziwa ya karibu nasi kama Minnetonka na White Bear yupo kwa sababu Idara ya Maliasili ya jimbo humpandikiza. Sheria inasema kwamba katika maziwa mengi ya Minnesota huruhusiwi kumchukua maski asiyefika inchi 54, yaani kama sentimita 137, na samaki huchukua zaidi ya miaka kumi kufikia urefu huo, wengi wasiufikie kamwe. Kwa hiyo karibu kila maski utakayemshika utalazimika kumwachia, na ukimwachia akiwa amechoka na kuchanika matamvua, utakuwa umemuua tu bila kumla.

Paiki ni ndugu yake wa karibu, tena ni wengi. Tangu mwaka 2018 jimbo limegawanywa katika kanda tatu kwa ajili yake, na katika kanda ya kaskazini ya kati, ambako paiki wadogo wamejaa kupita kiasi, unaruhusiwa kuchukua hadi kumi, ilimradi umrudishe kila mwenye urefu wa kati ya inchi 22 na 26 na usichukue zaidi ya wawili wanaozidi inchi 26. Kanda nyingine mbili zina masharti yake, kwa hiyo soma kanuni za ziwa unalokwenda kabla hujafunga chambo.

Hakikisha pia unawatofautisha. Paiki ana madoa meupe-meupe juu ya mwili wa kijani kilichoiva, ilhali maski ana madoa au michirizi myeusi juu ya mwili wenye rangi hafifu, na wakati mwingine hana alama kabisa. Ncha za mkia wa paiki ni za mviringo, za maski zimechongoka. Ukiendelea kutia shaka, tazama chini ya taya, ambako kuna vitundu vidogo kila upande: paiki kwa kawaida havizidi vitano, maski huwa navyo sita au zaidi.

Kwa paiki, ufito wa futi 7 wenye nguvu ya wastani, rili (gurudumu la kukunjia uzi) ya kawaida na uzi wa kusuka unaohimili ratili 30 vinatosha. Kati ya uzi na chambo weka kipande cha waya wa chuma cha inchi 12, maana meno yake hukata uzi kama wembe, na samaki anayekimbia na chambo mdomoni ni hasara kwenu wote wawili. Chambo bandia cha chuma chenye umbo la kijiko na rangi nyekundu na nyeupe kimewalisha watu wa huku kwa vizazi, na sioni sababu ya mgeni kuanza na kingine. Kirushe sambamba na ukingo wa magugumaji badala ya katikati ya ziwa. Tazama umbo la samaki huyu: mapezi yake ya mgongoni na ya chini yamesogezwa nyuma kabisa karibu na mkia, kwa kuwa hakuumbwa kukimbiza windo mbali, bali kujificha na kufyatuka mara moja.

Kuna ustadi mmoja wa maski ambao utaujifunza vizuri zaidi kwa paiki, nao ni wa hatua ya mwisho ya kila mrusho. Maski ana tabia ya kufuata chambo polepole hadi ubavuni mwa boti, na mvuvi asiyejua hukinyanyua wakati huohuo. Wewe usikinyanyue. Uzi ukibaki kama futi moja na nusu nje ya ncha ya ufito, zamisha ncha hiyo majini na uchore nayo namba nane kubwa, ukipanua kona zake kadiri mkono wako unavyofika, kwa sababu samaki wa urefu ule hawezi kukata kona ya ghafla. Ifanye hata usipoona kitu, maana maji ya huku mara nyingi yana rangi ya chai na samaki anaweza kuwa chini yake tu. Wazee wa hapa hupenda kusema kwamba maski ni samaki wa kurushiwa mara elfu kumi. Mimi naona wanajisifia kidogo, na nashuku kwamba sehemu ya hizo elfu kumi ni namba nane ambazo hazikuchorwa.

Sasa vile vifaa nilivyotanguliza. Nunua koleo refu lenye mdomo mwembamba, mkasi mzito wa kukatia chuma, na wavu mpana uliopakwa mpira, usiokwangua ute wa samaki. Akishaingia wavuni, mwache humo ndani ya maji, ukishughulika naye ukiwa umeinama. Ndoana ikiwa imeingia vibaya, usibishane nayo. Ikate kwa mkasi, kwani ndoana ni rahisi kuliko samaki. Ukitaka picha, pitisha vidole chini ya kifuniko cha matamvua ukifuata mfupa wa taya bila kuyagusa matamvua yenyewe, mkono wa pili ushike tumbo, umwinue akiwa amelala. Usimning'inize kwa taya, maana uzito wake mwenyewe humuumiza. Kisha mrudishe, umshikilie shina la mkia mpaka aondoke kwa nguvu zake. Maji yakipita nyuzi 27 za Selsiasi, maski asivuliwe kabisa, kwa sababu hata akiogelea kuondoka huenda akafa baadaye.

Paiki mdogo ni mtamu, ila minofu yake ina safu ya miiba yenye umbo la herufi Y, ambayo nitakuonyesha namna ya kuikata. Wakubwa hukusanya zebaki zaidi mwilini, na kwa kuwa nyumbani kwenu kuna watoto, fuateni mwongozo wa Idara ya Afya ya jimbo kuhusu kiasi cha kula.

Leseni unaweza kuinunua mtandaoni au kwenye duka la chambo, na kila mwenye miaka 16 na kuendelea anaihitaji. Msimu wa paiki hufunguliwa katikati ya Mei, wa maski Jumamosi ya kwanza ya Juni. Njoo Mei na koleo lako, ufito nitakuazima.