Msikate pembeni, bibi yangu alikuwa hapo

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, na mkasi ndio unaonilisha. Kwa hiyo sina ugomvi na mkasi. Nina neno juu ya mkasi mmoja tu, uliopita pasipostahili mwezi uliopita, baada ya harusi ya mdogo wangu wa mwisho.

Siku hizi harusi bila skrini watu wanaona haijakamilika. Wageni wakishakula, taa zinapunguzwa, picha zinaanza kupita: bibi harusi akiwa mchanga, akiwa na sare za shule, kisha wazazi wake, kisha babu na bibi. Vigelegele vinapigwa, na wenye machozi ya karibu wanafuta macho. Nami ni mmoja wao. Basi kamati ikaniomba picha, kwa kuwa mama anaishi kwangu na sanduku lake liko uvunguni mwa kitanda changu. Nikampa kijana wa video picha tatu, zenyewe, mkononi. Kosa la kwanza ni langu na nalikiri.

Ya kwanza ilikuwa ya harusi ya babu na bibi, mwaka 1956. Imegandishwa kwenye kadibodi, na nyuma ina mhuri wa studio wa rangi ya zambarau uliofutika nusu. Babu kasimama mbele ya nyumba yao ya Barabara ya 11, kavaa joho na kilemba, jambia kiunoni. Joho ni la kuazima. Huhitaji kuambiwa, mabega yameshuka inchi mbili na mikono imemmeza vidole. Wamemzunguka wanaume kumi na saba wa kanzu na kofia, na mtoto mmoja aliyetikisika akatoka na vichwa viwili. Mwanamke hakuna hata mmoja. Bibi harusi hayumo kwenye picha ya harusi yake mwenyewe! Ndivyo mambo yalivyokuwa: mpiga picha mwanamume, ndoa inafungwa barazani, mwali yuko ndani na somo wake, yule mwanamke anayemfunda.

Lakini pembeni kabisa, kushoto, nyuma ya wale wanaume, kulikuwa na dirisha. Dirishani pazia. Na kwenye ukingo wa pazia vidole vinne, vyeusi kwenye ncha kwa hina.

Vidole hivyo ni vya bibi. Alinionesha mwenyewe nikiwa na miaka tisa au kumi, akaweka kidole chake kilichokwisha kupinda kando ya vile vya kwenye picha. Alimsikia mpiga picha akihesabu, moja, mbili, akasema liwalo na liwe, akashika pazia ili angalau amwone huyo mume anafananaje. Somo akamfinya paja: "Mwali hachungulii!" Bibi alisema alama ya kufinywa ilikaa wiki nzima, na alichoambulia ni visogo vya wajomba zake. Mume alimwona usiku.

Picha ya pili ni ya baba na mama, Mei 1983. Wenye umri wao wanaujua mwaka huo. Marehemu Sokoine, Waziri Mkuu wa wakati huo, alikuwa ndiyo kwanza ameanzisha msako wa wahujumu uchumi, na sukari, sabuni, khanga, vyote vilipatikana kwa kibali au kwa kujuana. Baba alipata kibali cha kilo kumi za sukari kwa ajili ya shughuli, na mama husema kreti nne za soda zililindwa kuliko alivyolindwa yeye. Kwenye picha, meza ya zawadi ina mche wa sabuni ya kufulia uliofungwa utepe mwekundu. Watoto wangu wanacheka kila wakiuona. Mama hacheki, anakumbuka hadi jina la aliyeuleta.

Filamu ilikuwa ya rangi, kaileta mjomba aliyekuwa baharia, naye alitaka ikasafishwe Mombasa na si kwingine. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977. (Najua wenyeji wa Jasini watacheka, maana wao walikuwa na njia zao za panya, ila mjomba alikuwa mwoga na msimu wenyewe haukuwa wa kujaribu.) Filamu ikalala ndani ya soksi mpaka Novemba, mpaka ulipofunguliwa. Mama alipojiona kwa mara ya kwanza akiwa bibi harusi, tayari alikuwa na mimba yangu ya miezi mitano na gauni lilishakwenda kwa mwingine. Leo rangi zimegeuka, picha nzima imekuwa nyekundu kama iliyochovywa kwenye juisi ya rosela.

Ya tatu ni ya mama mdogo, 1985, kwenye gauni lilelile. Nimeitazama kwa kioo cha kukuzia: mshono wa kiuno umefumuliwa na kuachiwa, matundu ya sindano ya zamani bado yanaonekana. Gauni hilo liliozesha watatu.

Hizo mbili zilirudi salama. Ya babu sikurudishiwa pamoja nazo, nikaambiwa nisubiri kuna jambo linaandaliwa. Siku ya kuvunja kamati, baada ya pilau, nikaitwa mbele nikabidhiwa zawadi: picha ya babu ndani ya fremu ya dhahabu, kioo kinang'aa. Watu wakapiga makofi. Nikaitazama, nikaitazama tena. Babu yupo katikati, sawasawa. Dirisha halipo. Fremu ilikuwa ndogo kuliko picha, na fundi wa fremu akaipunguza vidole viwili kila upande.

Nikamuuliza kijana wa video. Akanijibu kwa adabu, "Dada, pembeni kulikuwa na ukuta tu." Nikamuuliza ile nakala aliyoonesha kwenye skrini. Nayo alishaibana ikabaki sura ya babu peke yake ili ijae. Yuko tayari kunilipa, na ninaamini hakukusudia ubaya. Lakini mimi mteja akiniletea kitambaa namrudishia hata kipande kilichotoka kwenye shingo. Atakitumia au atakitupa, hayo ni yake.

Ndiyo maana nakuandikia. Wanakamati, mnapoomba picha za wazee, msizichukue. Zipigeni palepale mlangoni, mchana, bila mwanga wa simu, picha nzima hadi kingo zake, halafu mgeuze mpige na nyuma, maana mhuri na maandishi yako huko. Na wenye picha, zitoeni leo muulize aliyebaki kuulizwa. Msiulize walio katikati, hao wanajulikana. Ulizeni kiwiko kile mlangoni ni cha nani, sinia lile limeshikwa na nani, mguu ule chini ya pazia ni wa nani. Tangu nipate mkasa huu nimepekua albamu za majirani watatu, na kila mara ni yaleyale: wanaume katikati, mama zetu kwenye ukingo. Majina yaandikeni nyuma kwa penseli, maana wino wa kalamu hupenya ukatokea usoni mwa mtu.

Mama hajui bado. Fremu ameiona kwa mbali, akasema imependeza.

Fundi wa fremu ameniambia vipande vyote anavyokata huvitia kwenye kiroba chini ya meza, na kiroba hakitupi mpaka kijae. Nimekwenda kwake mara mbili. Mara ya pili tulikimwaga kiroba sakafuni tukachambua pamoja hadi magharibi: kona za nyumba, matawi, viatu, nusu ya mtoto aliyebebwa na mtu asiyeonekana. Vidole vya hina hatukuviona. Kuna kiroba cha pili, kipo stoo. Jumamosi nafunga kibanda mapema, narudi.

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga