Vitabu vya Kihispania visiwe tafsiri tupu

Mhariri,

Maktaba nyingi za madarasa yanayofundisha kwa Kihispania hujazwa tafsiri za vitabu vya Kiingereza. Humo vina hupotea, sentensi hurefuka, na kitabu cha msomaji anayeanza humshinda. Walimu wanunue kwanza vilivyoandikwa kwa Kihispania chenyewe, vya Meksiko, Kolombia, Argentina na Uhispania. Kabla ya kulipa, wasome kurasa mbili kwa sauti na kukagua alama za mkazo juu ya irabu (kama á na é). Zikikosekana, kitabu kirudishwe rafuni.

Kihispania husomwa kwa silabi, kama Kiswahili, hivyo vitabu vya kuanzia vifuate silabi (ma, me, mi), si orodha za maneno ya kukariri. Tafadhali, vitabu vya sayansi visisahaulike: hadithi pekee hazimpi mtoto msamiati wa somo.

Mwalimu wa lugha