Retriva Anayeiba Makubadhi: Mazoezi Yanayomfaa Pwani ya Zanzibar

Malalamiko ambayo sisi wakufunzi wa mbwa tunayapokea zaidi kutoka kwa wenye Labrador na Golden Retriever, yaani mbwa wa jamii ya retriva, ni kwamba mbwa hukimbizwa ufukweni asubuhi na jioni, hurudi nyumbani ulimi nje, na baada ya nusu saa ameshabeba kubadhi la mgeni na kulipeleka chini ya mwembe. Mwenyewe huongeza mbio, na mbwa, ambaye pumzi zake zinazidi kuimarika, huongeza makubadhi. Ushauri wetu ni kupunguza mbio na kumpa mbwa kazi iliyo katika damu yake, yaani kufuata kitu, kukibeba bila kukitoboa na kukikabidhi mkononi.

Labrador ametokana na mbwa wa wavuvi wa kisiwa cha Newfoundland, Canada, waliokuwa wakivuta kamba za nyavu na kuokota samaki waliochomoka kwenye ndoana. Uzalishaji wa Golden Retriever ulianza Uskoti mwaka 1868 kwa mbwa wa Dudley Marjoribanks, ambaye baadaye alikuwa Lord Tweedmouth, kwa ajili ya kuokota ndege waliopigwa risasi. Wasasi wetu wanaotoka na mbwa kuwinda nguruwe mwitu hutaka mbwa wa kufukuza na kubweka, lakini retriva alichaguliwa kwa kukaa kimya, kukariri mahali kitu kilipoangukia, na kungoja aambiwe. Huko kungoja ndiko kunakomchosha kuliko maili tano za mchanga.

Kwa hiyo somo la kwanza hufanyika uani wala si baharini. Tunatumia kamba ya mita 10 na kifurushi cha turubai tunachokijaza makumbi ya nazi, ambacho ni chepesi, huelea, na hakiumizi meno. Mbwa hukalishwa, kifurushi hurushwa, naye haruhusiwi kuondoka mpaka aitwe jina lake. Akirudi nacho asinyang'anywe, bali abadilishiwe kwa kipande cha samaki aliyechemshwa na kutolewa miiba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba takriban Labrador mmoja kati ya wanne ana kasoro ya jeni inayomfanya awe na hamu kubwa ya chakula. Ulafi huo humfanya afundishike kwa urahisi, ila vipande vya mazoezi lazima vipunguzwe kutoka katika mlo wake wa jioni.

Neno tunalolisisitiza kabla ya kugusa maji ni "achia". Retriva hutia mdomoni kila anachokikuta, na maji yanapokupwa hakosekani samaki bunju aliyekufa juu ya mchanga. Sumu ya bunju haina dawa ya kuivunja nguvu, na mbwa aliyemtafuna anaweza kufa kabla hajafikishwa kwa daktari wa mifugo. Mbwa asiyeachia kitu kwa neno moja hatumpeleki ufukweni, hata mwenyewe akisisitiza kwamba amelipia.

Kuogelea hupangwa kwa kufuata maji, si saa ya ukutani pekee. Wakati wa maji mafu, yaani bahari inapojaa na kupwa kidogo tu, mikondo hupungua nguvu na ndipo tunapomwingiza mbwa mgeni. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, tunambakiza nchi kavu. Upande wa mashariki, kama Paje na Jambiani, maji yakipwa hufunua mashamba ya mwani yenye vijiti na kamba, ambayo ni riziki ya wenyewe na hayafai kukanyagwa na mbwa. Tunamrushia kifurushi mara tano au sita tu kwa sababu kila anapokibeba humeza maji ya chumvi, na akimeza mengi atatapika na kuharisha. Baadaye huogeshwa kwa maji baridi ya bomba na masikio yake hukaushwa, kwani sikio lililolala na kubaki bichi huoza haraka katika joto hili.

Mchezo ninaoupenda mimi ni wa kunusa. Katika mashindano ya kunusa huko Marekani, karafuu ni miongoni mwa harufu ambazo mbwa hutakiwa kuzitafuta, nasi tunayo mlangoni! Pamba yenye tone la mafuta ya karafuu hutiwa ndani ya kikopo cha bati chenye matundu, kikafungwa vizuri asiilambe, kisha kikafichwa nyuma ya mtungi au ndani ya pakacha. Dakika 15 za kutafuta humlaza mbwa mchana kutwa. Wateja wetu wa Pemba wasubiri msimu wa kuanika karafuu upite, maana harufu ikiwa imetanda kila jamvi mbwa hana cha kutafuta.

Kuruka vizuizi tunakuacha mpaka mbwa atimize mwaka mmoja na nusu, ili viungo vya nyonga vikomae. Msimu wa kaskazi hatufanyi lolote la nguvu baada ya saa mbili asubuhi. Ukishindwa kuweka mgongo wa kiganja juu ya mchanga kwa kuhesabu hadi saba, nyayo zake nazo zitaungua.

Jirani zetu wengi huyahesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na ni haki yao kupita ufukweni bila kurukiwa wala kurushiwa maji. Mbwa hubaki kwenye kamba mpaka tufike sehemu isiyo na watu, na chombo chake cha maji hakichanganywi na vya mtu mwingine. Ratiba ya kila wiki hutolewa baada ya kutazama jedwali la maji, na mteja huja na taulo, maji ya kunywa ya mbwa, na kubadhi moja kuukuu kwa ajili ya somo la "achia".