Dawa ya wadudu wakati miembe imechanua

Mhariri,

Miembe ikianza kuchanua huku Malindi na Magarini, ushauri unaotolewa kwenye maduka ya dawa ni uleule: piga dawa ya wadudu kila wiki mpaka maembe yashike. Ushauri huu unatunyima mavuno.

Shada moja la mwembe hubeba maua mamia, pengine maelfu. Mengi ni madume. Embe hutoka tu kwenye ua lenye kifuko kidogo cha kijani katikati, tena likipata chavua. Chavua hiyo inanata, kwa hiyo wabebaji wake wakuu ni wadudu. Nyuki wamo, hata wale wadogo wasiouma, lakini kazi kubwa hufanywa na nzi ambao wengi wetu huwaona uchafu tu. Maua hufunguka usiku na alfajiri, chavua ikatoka asubuhi. Anayepuliza saa tatu asubuhi huwaua wakiwa kazini.

Pasua maembe machanga yaliyoanguka. Kokwa ikiwa tupu, huenda chavua haikufika, au kiini kilikufa mapema kwa baridi. Embe la aina iitwayo apple ndilo hudanganya zaidi: hushika matunda madogo yasiyo na kiini, yakaning'inia mtini bila kukua, na mkulima akadhani ni ukosefu wa mbolea.

Mwenye shaka afunike mashada matano kwa chandarua kabla ua la kwanza halijafunguka, na mengine matano ya upande huohuo ayatie alama kwa uzi. Maua yakinyauka, aondoe chandarua. Baada ya wiki nne ahesabu maembe ya kila kundi.

Ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, hauwezi kuachwa, kwani hukausha shada zima. Salfa, ambayo ni dawa ya ukungu huo, ipigwe, lakini jioni, na isichanganywe na dawa ya wadudu ndani ya bomba moja. Mchanganyiko huo ndio kosa ninaloliona sana. Kwa wadudu wanaofyonza maua, gonga shada juu ya karatasi nyeupe uone kama wamo kweli. Wakiwa wengi, puliza mara moja maua yakiwa bado yamefumba, kisha uache.

Nzi wa matunda naye asiwe kisingizio cha kupuliza maua. Huyo hutaga ndani ya embe linalokaribia kukomaa, si ndani ya ua. Dawa yake ni mitego ya chambo, pamoja na kuokota na kufukia kila embe lililooza chini ya mti.

Mkulima wa maembe,
Malindi